Benchi ya Papa Ndayambaje

Katika kanisa la Mubi kulikuwa na benchi ya kutosha familia nzima, na Papa Ndayambaje aliikalia peke yake. Wengine walibanana nyuma kama maharagwe guniani, wengine walisimama mlangoni wakinyeshewa, lakini pale kwake hakuna aliyethubutu kuweka hata kofia.

Ndivyo ilivyokuwa tangu serikali ya kikoloni ilipomtoa kwao Kibabi, kwenye milima ya Masisi, mwaka wa 1952, ikamtupa huku chini kwenye pori la Walikale. Mkewe Mukasine alibaki kule mlimani. Huku porini mzee akisalimia, watu waliangalia miti. Sebarenzi, mwosha madini aliyekaa mlango wa pili, akimwona tu alitema mate na kuingia ndani. Mzee alipika maharagwe yake, akala, akaongea na sufuria. Sufuria nayo haikuwa na mengi ya kusema.

Kwa hiyo Damien, karani wa serikali, alipokuja kumhoji, mzee alifuta kiti, akakifuta tena.

"Tunatafuta historia ya fabriki, kile kiwanda cha pareto ulichofanya kazi kule kwenu Kibabi," Damien akasema. "Tuiweke mu kitabu. Usiogope, Papa. Wafanyakazi walianza namna gani ile sendika, chama chao cha kudai haki?"

Mzee akacheka.

"Sendika gani, mutoto wangu? Ilikuwa matope! Kamio ya patron, lori ya bosi wetu muzungu, ilizama, imejaa maua ya pareto. Sasa kwetu, kusukuma njo kusindika. Nikapiga kelele: Sindikeni, bandugu! Sindikeni! Watu wakaacha mashini, wakakuja wote. Muzungu iko ku dirisha, anasikia 'sendika, sendika', anaona fabriki nzima iko inje. Kesho yake, mimi huyu mu pori."

Damien alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Akauliza tena, kwa njia nyingine: nani aliwakusanya watu? Walikutana wapi? Kila alipouliza, mzee alirudi kwenye kamio yake, na kila iliporudi ilikuwa nzito zaidi. Mwanzo ilibeba maua tu. Baadaye akapanda mke wa patron. Mwisho mke wa patron alikuwa na piano yake.

"Kama unaona ni bongo, ninakudanganya, rudia kesho," mzee alisema akimshika mkono. "Nitakuelezea tena. Nina nafasi."

Damien akarudi, siku baada ya siku. Akaenda pia kwa majirani.

"Yule?" Sebarenzi akasema. "Hata mbwa yangu haimujue."

Jumapili Damien akasimama nyuma kanisani, akaiona ile benchi. Misa ilipoisha, akamfuata mzee, uso umemlegea.

"Papa, muntu wa kuanzisha sendika anakuwa na watu. Wewe hauna hata wa kukuomba chumvi. Nitawaambia wakubwa vile. Utarudia kwa Mama Mukasine."

Mzee aliinama, akafuta matope viatuni.

"Kweli, mutoto wangu," akasema. "Huku sina muntu."

Siku ya kuondoka, hakuna aliyetoka kumuaga. Kamio ya serikali ilipokuja, Damien alikaa mbele na dereva, mzee akapanda nyuma juu ya magunia, sufuria yake mapajani. Kamio ikapita mbele ya nyumba za wachimbaji, milango yote imefungwa. Mzee alipunga mkono hata hivyo, akiipungia milango.

Pale mwisho wa Mubi, barabara ilipolowa mvua ya juzi, magurudumu yakazama.

Dereva akatukana. Damien akatoa kichwa dirishani, akashindwa kujizuia:

"Sindikeni, bandugu!" akaita, huku akifa kwa kicheko. "Sindikeni!"

Milango ikafunguka.

Wanaume wakatoka kimya kimya, wakaingia kwenye matope mpaka magotini, wakaweka mabega. Hata mmoja hakumtazama mzee. Kamio ikanguruma, ikatikisika, ikaanza kupanda.

Bega la Sebarenzi lilikuwa chini kabisa ya miguu ya Papa Ndayambaje. Akasukuma, akatema mate pembeni, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho:

"Safari njema, Prezida. Usalimie sendika ya Kibabi. Na benchi yako tutaiacha wazi, vile ulituamuru tangu siku ya kwanza."