Siku Waliyomchoma Wakili

"Toka nje, Ransley, au tukuchome na nyumba yako."

Huyo ni Obed Starbird, fundi mapipa, mwenge mkononi mchana kweupe. Nyuma yake watu kama sitini wa Wexcombe, nyuso zimepakwa masizi, wengine wamejivika magauni ya wake zao. Ndiyo desturi ya koloni lile watu wakifanya fujo: ukishajipaka masizi huna jina, na mwenzio hakuulizi.

Wakili Jotham Ransley alikuwa amekubali kuwauzia karatasi za mfalme zenye muhuri, ambazo bila kuzinunua hati yoyote haikubaliki, kodi juu ya kodi. Lakini Obed naye alikuwa na lake moyoni. Wakili huyohuyo ndiye aliyesimama mahakamani mwaka juzi mpaka mdogo wake Obed akachapwa viboko hadharani. Obed alitaka moto, basi.

Mke wa wakili akatokea dirishani, mtoto mchanga kifuani. "Mume wangu hayumo humu."

"Yumo chini ya kitanda," Obed akasema. "Mwambie atuletee hilo wigi lake, kuku wangu wanataka pa kutagia."

Watu wakacheka. Obed akasogea ukutani na mwenge.

Mkono ukamdaka. Bibi mmoja mrefu, gauni la kijani, uso mweusi kama chini ya sufuria, sauti imekauka kwa kupiga kelele.

"Kaka, ukichoma nyumba ni kitanzi, wewe na hawa wote. Ukichoma sanamu lake la majani makavu, hakimu hana pa kukushika."

"Unamtetea?"

"Nimtetee yule? Mwoga, mchoyo, kichwa kigumu, anakoroma mpaka mkewe anahamia jikoni."

Wakacheka hoi. Dirishani, mwanamke akaziba mdomo kwa shali.

Obed akamtazama yule mtoto. Akamtazama sana. Halafu akateremsha mwenge.

Wakafunga sanamu, wakalitundika uwanjani palepale mdogo wake alipochapiwa. Bibi wa kijani ndiye aliyetukana kuliko wote, akalitemea mate, akalipiga kibao. Likawaka. Obed akalia kama mtoto, akasema jina la mdogo wake, na bibi akamshika bega, macho chini.

"Asante, ndugu yangu," Obed akasema. "Leo nimepumua."

Wengine wakaenda kunywa pombe ya matufaha. Bibi hakunywa, akaondoka zake peke yake. Obed akamfuata kwa mbali, ajue anakaa wapi, kesho ampelekee pipa jipya la zawadi.

Bibi akakata kona, akapita nyuma ya kanisa, akaruka uzio, akagonga mlango wa uani mara moja tu.

Mlango ukafunguka.

"Futa miguu, Jotham," mwanamke akasema. "Mtoto amelala."