Mwanamke wa Makambako

Jumapili ile Fidelia hakufika hata darajani. Alichuchumaa kando ya njia akatapika mbele ya Wakristo wote waliokuwa wakirudi kutoka misa. Wengine walisimama kutazama. Wenye adabu kidogo walipita wakiangalia milima, huku masikio wameyaacha nyuma.

Na alitapika nini? Hapo ndipo midomo ilipopata kazi. Anayekwenda komunyo hali wala hanywi tangu usiku wa manane. Tumboni mwa Fidelia hamkuwa na kitu ila Mwili wa Bwana.

"Lisemwalo lipo," alisema jirani yake, Margareth, bila hata kushusha sauti. "Moyo ukiwa mchafu, tumbo linakataa."

Ilikuwa hivyo kila Jumapili tangu Fidelia abatizwe Pasaka. Padri alimhurumia, akawa anampa kipande cha hostia kidogo kuliko ukucha. Wapi! Tumbo lilimkata vilevile, akaharisha, akakonda mpaka akabaki macho. Akipata nafuu alikula ugali wake, viazi na njegere, akalima kama wenzake. Hata ulanzi wa shemeji yake, pombe ile ya mianzi iliyochacha, haukumfanya kitu. Ni Mungu tu aliyemkataa.

Aliona aibu kwenda kisimani watu wakiwepo. Alitubu kila alichokumbuka, hata hindi aliloiba shambani kwa shangazi yake utotoni. Hakupona.

Mwishowe katekista Marcelino aliwazuia watu uwanjani baada ya misa. Fidelia amtaje huyo mwanamume wake wa siri, alisema. La sivyo asikaribie tena meza ya Bwana, na mumewe amrudishe kwao.

"Mwanamume gani?" Fidelia alilia. "Mimi simjui mwingine jamani!"

Mtu mmoja akakohoa. Hakuna aliyemwamini, na yeye aliliona hilo kwenye kila uso.

Ndipo mumewe, Alois, mpiga kengele wa kanisa, aliposimama.

"Mwacheni mke wangu," alisema. "Dhambi ni yangu. Nina mwanamke Makambako, anapika chai pale yanaposimama malori. Mungu anampiga mke kwa ajili ya mume."

Lo! Hakuna aliyeuliza la pili. Wazee walimnyang'anya kamba ya kengele palepale, wakaamua kwamba kuanzia siku ile atasali akiwa amepiga magoti nje ya mlango, kwenye baridi ya Njombe, kila aingiaye ampite. Wanawake waliomsengenya Fidelia sasa walimshika mkono: pole mwenzetu, pole sana. Naye, kwa uchungu wa miezi yote ile, alimwendea mumewe akamtemea mate usoni.

Alois alijifuta kwa kiganja.

Aibu haikuisha, ilibadili nguo tu. Sasa Fidelia alikuwa mke aliyeshindwa na mpika chai. Alhamisi alipanda lori lililobeba magome ya miwati, akaenda Makambako. Alitaka amwone huyo mwanamke kwa macho yake na, Mungu akimjalia, amng'oe nywele.

Penye malori palikuwa na hoteli moja tu, ya bati. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kilutheri, Methusela.

"Kamwene, mama. Chai?"

Fidelia aliona haya kuuliza kilichomleta. Aliletewa chai na chapati, kitu alichokuwa akikisikia tu, maana kijijini kwao unga mweupe ulikuwa wa Wazungu na masista. Alikula taratibu, jicho likiwa kwenye pazia la jikoni. Madereva waliingia na kutoka. Jua likageuka. Mwanamke hakutokea.

Kilichotokea ni chapati. Fidelia alikimbilia nyuma ya hoteli, akashika ukuta, akatapika. Mkato ulikuwa uleule, na jasho lilelile la Jumapili. Lakini leo ilikuwa Alhamisi!

Methusela alimfuata na kata ya maji. "Pole, mama. Pole sana."

"Mzee, hii chapati imebarikiwa na padri?"

"Padri? Imebarikiwa na mafuta tu."

"Ni unga wa nini?"

"Ngano."

"Ndiyo hiyo ya hostia?"

"Ndiyo hiyohiyo. Hata mkate wetu sisi Walutheri. Ngano ni ngano, mama."

Fidelia alianza kucheka huku machozi yanamtoka. Yesu na Maria, ngano! Miezi yote ile ameinamisha uso kama mwizi, kumbe ni ngano! Angerudi akawaambie wote, aanze na Margareth.

Kisha akakumbuka kilichomleta, akajikaza. Ngano au si ngano, mwanamke alikuwepo.

"Na huyo anayekupikia chai yuko wapi? Mwanamke wa Alois, yule mpiga kengele."

Methusela alimtazama kwa mshangao.

"Hapa chai napika mwenyewe, mama, tangu nijenge. Alois namjua, huniletea viazi. Mara ya mwisho alikaa hapohapo ulipokaa wewe, chai ikapoa hajaigusa. Akaniuliza, eti mtu akitaka kutubu dhambi ambayo hakuitenda, ataje ipi ili watu waamini upesi? Nikadhani ananitania. Nikamwambia, sema una mwanamke Makambako. Hiyo hakuna atakayeuliza mara mbili."