Mlango wa Kicheche

Paliondokea Kicheche aliyeiba yai moja tu, yai lenyewe viza, na wakubwa wa kwao wakamvusha bahari akaishi kisiwa cha wezi mpaka afe.

Alipofika alishangaa. Hapakuwa na kibanda chenye mlango hata kimoja. Chakula cha kila mtu kilikaa mkekani, mpita njia akikiona.

"Jirani, hamchelei kuibiwa?" akamuuliza Nungunungu, mkongwe wa wafungwa.

"Mwizi akishaiba ataficha wapi?" akajibu Nungunungu. "Hapa kila jicho linaona kila mkeka."

Kicheche akaguna. Wezi watupu hawa, wema huu wameutoa wapi? Huu ni mtego! Akalima, akavuna kikapu cha mahindi, na siku hiyohiyo akakata miti, akatia mlango, akaukaza kwa kamba.

Majirani wakaja wakasimama nje.

"Bwana Kicheche, una nini humo?"

"Mahindi yangu, jasho langu!"

"Kama ni yako, mbona umeyafungia?"

"Kwa sababu nawajua nyinyi!"

Kisha kila mmoja akamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, wakatawanyika. Mchana kutwa zikasikika sauti za mashoka.

Kesho yake Kicheche alikwenda mtoni kuoga. Aliporudi alikuta kamba imekatwa na kikapu hakina hata punje. Akatoka mbio akipiga mayowe, aone mahindi yake yako kwenye mkeka wa nani.

Akakuta milango imefungwa, kuanzia kwa Nungunungu mpaka kibanda cha mwisho.