Karatasi ya Taneli

Hatua kumi na mbili. Eevertti hakuwahi kupewa shabaha ya karibu namna ile. Kombe la mji wa Viipuri alilitwaa mara tatu, kwa umbali wa mita mia tatu, wala mkono haukumtetemeka.

Leo alifuta viganja kwenye suruali. Kushoto kwake walisimama wenzake saba, kila mmoja amefungwa kitambaa cheupe cha jeshi mkononi kama yeye. Mmoja fundi viatu, mmoja muuza chumvi. Wengine bunduki ilikuwa bado ngeni kwao.

"Bingwa, leo utatufunika wote," fundi viatu alinong'ona.

Eevertti aliikagua risasi, akaifunga bunduki.

Kwa miaka kumi na minne, mdogo wake, Taneli, alikaa handakini chini ya shabaha zake. Risasi ikipiga, aliinua kibao kuonyesha ilipoingia, kisha akaziba tundu kwa karatasi nyeupe na gundi ya unga. Risasi ikipotea, alitakiwa apunge bendera nyekundu.

"Kaka, bendera yangu inaliwa na nondo," Taneli alizoea kumtania. "Kosa hata mara moja basi, niikung'ute vumbi."

"Ngoja nizeeke."

Hakukosa. Kila alipopiga katikati, kibao kilipanda na kuzungushwa mara mbili. Kanuni hazikuwa na ishara hiyo. Ilikuwa yao wawili.

Majira ya baridi yaliyopita Taneli aliichukua bendera ile, akaenda nayo kwa wenzake wa kiwanda cha mbao walioasi. Tangu hapo ndugu hao hawakuonana.

Asubuhi hii mchungaji wa kanisa alimletea Eevertti ujumbe wa Taneli. Aliurudia neno kwa neno, macho yakiwa chini: "Mwambie kaka asikose. Hao wengine nawajua, watatawanya risasi tu. Yeye akikosa, taabu yote ni yangu. Karatasi nitaibandika mwenyewe, kama siku zote."

Eevertti alikuwa amekusudia kukosa. Alikwisha kuchagua hata tofali la ukutani la kupiga. Sasa aliliacha.

Karatasi ilikuwa mahali pake, mviringo mweupe uliokatwa na mkono unaojua kazi, umesogezwa kidogo upande mmoja, penyewe hasa. Alivuta pumzi, akaitoa nusu, akaizuia. Mkono ukatulia.

Luteni aliinua upanga.

"Taratibu, kaka." Taneli alikuwa karibu kiasi kwamba hakuhitaji kupaza sauti. "Kama Viipuri."

Bunduki nane zililia pamoja.

Mwangwi ulipokwisha, matofali ya ukuta yalikuwa yamechubuka huku na huku, na karatasi ilikuwa na tundu moja, katikati kabisa. Eevertti alibaki amesimama, macho juu ya ukuta, akingoja kibao. Taneli alikuwa amelala chini ya ukuta, karatasi ikiwa bado imebandikwa kifuani.