Fomalini Ndani ya Soksi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye shahada. Fomalini, dawa ya kuhifadhia vyura wangu wa utafiti, ni marufuku ndegeni. Nami niliiviringisha ndani ya soksi, nikaizamisha chini kabisa ya begi.

Ndege ilikuwa ndogo, mizigo imepangwa nyuma ya viti. Injini ziliponguruma, pua ikaanza kuniwasha. Nikajikausha.

Mama wa kiti cha mbele akageuka. "Baba, mbona machozi? Unaogopa kupaa?"

"Mafua tu, mama."

Lakini na yeye alikuwa akilia. Nikatazama mbele zaidi. Rubani alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajifuta tena, na ndege ilishaanza kukimbia.

Nikapaza sauti: "Zima! Simamisha! Kuna dawa inavuja kwenye begi langu!"

Tulisimama. Mlango ulipofunguliwa, nikaanza kujitetea: ni kichupa kidogo, nimekifunga vizuri, na bila dawa hiyo vyura wote wataoza.

Rubani akanigeukia, macho yamevimba. "Na haya macho yangejifumba kule juu, nani angetushusha? Vyura wako?"