Mchimba Mfereji

Kila nyumba ina redio ya ukutani inayohesabu majina ya marehemu tunayoyataja. Marehemu asiyetajwa mara mia kwa mwaka hufutwa, na kazi zake hupewa anayetajwa zaidi. Ndiyo maana Mwakitosi, mwizi wa ng'ombe, ana sanamu sokoni: tunamlaani kila siku.

Mfereji unaotunywesha ulichimbwa na baba mkwe wangu. Ila kwetu mkamwana halitamki jina la baba mkwe, hata akifa. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimtaja, naye tulimzika mwanzoni mwa mwaka jana, nikabaki mimi pekee ninayelijua jina hilo.

"Bibi, mtaje basi, mwaka unaisha," mjukuu wangu Sekela alinisihi.

"Nimtaje kama mbuzi wangu? Toka hapa!"

Mwaka ukaisha. Juzi Sekela alirudi kutoka shuleni, akaandika daftarini kwamba mfereji ulichimbwa na Mwakitosi.

"Yule mwizi!" nikafoka. Heshima ya miaka arobaini ikanitoka. "Aliyechimba ni Andengulile, babu wa baba yako!"

Sekela akaitupia redio jicho, akaniziba mdomo kwa mkono wake mdogo.

"Bibi, jamani, watakusikia," akaninong'oneza. "Mtu huyo hajawahi kuwepo."