Mkono wa Pili
Bi Mwanaidi aliitua saa ya kengele juu ya meza ya fundi Shomvi.

"Umebakiza mikono miwili tu. Ikilia saa tisa, nataka gauni la harusi la mwanangu. Umeshanizungusha mara tatu."

"Leo utalipata, mama."

Shomvi alishona mkono mmoja. Kisha akasikia saa inakwaruza, na hakusikia kingine tena.

Bi Mwanaidi aliporudi na bi harusi, gauni lilikuwa na mkono mmoja, na fundi ameshika bisibisi.

"Huna haya wewe!"

"Ilikuwa inachelewa dakika kumi, mama. Nimeitengeneza."

Saa ikalia kwa sauti safi. Bi harusi akalivaa gauni vilevile, akamsogezea bega tupu.

"Shona nikiwa ndani."

Fundi akatunga uzi sindanoni, sikio lake likiwa bado kwenye saa.